ELIMU YA AFYA: PRESHA YA MACHO SI PRESHA YA DAMU

Jina "presha ya macho" huwafanya baadhi yetu waamini kwamba vidonge vya presha ya damu vinatosha kuutibu ugonjwa huo. Havitoshi.

Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa na kutolewa wakati wote. Yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka taswira kwenye ubongo. Mshipa huo hulishwa na mishipa midogo ya damu. Kwa baadhi ya wagonjwa, mishipa hiyo hushindwa kutanuka ipasavyo, na mshipa wa fahamu hupungukiwa damu. Ndiyo maana wapo wanaougua ilhali kipimo cha shinikizo la jicho ni cha kawaida.

Aidha, presha ya damu ikishuka mno usiku, madhara huweza kuongezeka. Mwenye maradhi yote mawili amweleze daktari dawa zote anazotumia, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulibaini ugonjwa huu kwa takribani watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Aina iliyoenea zaidi haiumi. Huanza kwa kupunguza uoni wa pembeni. Uoni uliopotea haurudi, bali matone au upasuaji huweza kuulinda uliosalia.

Mwananchi mwenye miaka 40 na kuendelea, hususan ambaye mzazi au ndugu yake aliugua, afike kituo cha afya kilicho karibu aelekezwe mahali pa kupimwa macho, hata kama anaona vizuri.