Kitabu Kilichozaliwa na Sinema



Muhula uliopita, wakati wa masomo ya usiku, nilimkuta mvulana wa Kidato cha Tatu ameficha kitabu ndani ya atlasi. Nilikitwaa. Kilikuwa kitabu chembamba cha Kiingereza kiitwacho Love Story, yaani Hadithi ya Mapenzi. Nilikusudia kumwadhibu kesho yake. Lakini usiku ule nilikisoma mpaka mwisho, na hamu ya kuadhibu ikanitoka. Badala yake nimeandika somo hili.

Mwandishi wake, Erich Segal, alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1937. Alisoma Harvard, kisha akafundisha fasihi ya Kiyunani na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha kitaalamu juu ya Plautus, mtunzi wa michezo ya kuchekesha wa Roma ya kale. Mwaka huo huo jina lake lilikuwa miongoni mwa waandishi wanne wa Yellow Submarine, sinema ya katuni yenye nyimbo za Beatles.

Baadaye alitunga mswada wa sinema juu ya Oliver, kijana wa ukoo wa kitajiri, na Jenny, binti wa mwoka mikate. Wanaoana, baba yake Oliver anamkatia msaada, na Jenny anakufa angali na miaka 25. Kampuni ya Paramount ilipouchukua mswada, ilimtaka auandike pia kuwa riwaya, ili kitabu kitangulie na kuwatia watu hamu ya sinema. Basi kitabu kikatoka tarehe 14 Februari 1970, siku ya wapendanao, na sinema ikafuata Desemba.

Kazi hiyo si ya kunakili tu. Mwandishi wa sinema huandika yale yanayoonekana na kusikika. Kwa mfano: "Mama ameketi kituo cha basi. Ameshika barua. Haifungui." Yaliyobaki atayaonyesha mchezaji kwa uso wake. Lakini msomaji wa kitabu haoni uso wowote. Kwake yeye lazima mwandishi aingie moyoni mwa mama yule. Segal alifanya hivyo kwa kumwacha Oliver asimulie mwenyewe, naye tangu mwanzo anatuambia kwamba Jenny amekwisha kufa. Hata hivyo alama za sinema zimebaki: sura ni fupi, na mazungumzo ni mengi.

Kitabu kilinunuliwa na mamilioni, lakini heshima haikuja pamoja na fedha. Mwaka 1971 waamuzi wa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani walitishia kujiuzulu kisipoondolewa katika orodha, nacho kikaondolewa. Yale nayo haikumpa kazi ya kudumu. Segal hakuacha njia yoyote kati ya zile mbili. Alitoa riwaya nyingine, na mwaka 2001 akatoa tena kitabu kikubwa cha kitaalamu juu ya historia ya michezo ya kuchekesha. Alifariki London mwaka 2010.

Je, waamuzi walikosea? Mimi naona hadithi ile ni nyepesi, na Jenny ni mwema kupita kiasi. Lakini nakiri kwamba nilikihukumu kitabu kwa jalada lake, kabla sijasoma hata ukurasa mmoja. Mwamuzi asiyesoma hana haki ya kuhukumu. Nanyi wazazi, mkikuta kitabu cha namna hii chini ya godoro, kisomeni kwanza, kisha mwulizeni mtoto amepata nini ndani yake.

Mvulana yule nimemrudishia kitabu chake, pamoja na onyo kwamba saa ya jiografia ni ya jiografia. Nimempa na zoezi hili, nanyi nawapeni:

1. Chagua tukio moja ulilolishuhudia nyumbani au sokoni. Liandike kwa mistari kumi kama sinema. Usitie neno lolote lisiloweza kuonekana au kusikika.

2. Liandike tena kama hadithi, ukimwacha mmoja wa waliokuwapo asimulie.

3. Linganisha. Ni jambo gani limeingia katika ya pili ambalo kamera isingaliliona?

Leteni majibu kabla ya mitihani. Nitayasoma yote, kwanza kabla ya kuyahukumu.