NYUMBA KWA KILA UMRI: TUNAISHI NA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Ijumaa hii kila mmoja ajiulize: usiku nikifunga mlango, nimelala na nani ndani? Na ni nani wa damu yangu aliyebaki nje ya mlango huo?

MFANO WA MTUME (s.a.w.)

Mtume wetu alizaliwa baba yake amekwisha kufariki. Aliishi na mama yake mpaka akawa na miaka 6 hivi, kisha kwa babu yake Abdul Muttalib miaka 2, kisha kwa ami yake Abu Talib. Alipofika miaka 25 alimwoa bibi Khadija, akawa na nyumba yake. Halafu ukaja mwaka wa njaa, na Abu Talib alikuwa na watoto wengi. Mtume akamchukua Ali amlee nyumbani kwake, na Abbas akamchukua Jaafar.

Tuangalie vizuri. Aliyelelewa utotoni alikuja kulea alipokuwa mtu mzima. Nyumba haibaki vilevile maisha yote, bali haki inamfuata mtu katika kila umri.

HALI YETU HAPA

Wazee wetu waliletwa na kazi ya shaba. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao mwishoni mwa miaka ya 1920, wakapewa nyumba ya kambi na posho. Nyumba ile ilipimwa kwa mume, mke na watoto. Babu na nyanya walibaki kijijini. Mwaka 1967 kazi ikawa ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Tangu hapo nyumba zimegeuka. Baba hana mshahara, na mtoto wa miaka 30 bado yuko kwa baba kwa sababu hana mahari. Mwingine amekwenda kuchimba kwa mikono, analala chini ya hema la plastiki. Wajukuu wameachwa kwa nyanya.

Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu ya nchi 130 mwaka 2019. Kilikuta Mwislamu kwa wastani anaishi katika nyumba ya watu 6.4, na wastani wa dunia ni 4.9. Kule Marekani, katika kila watu 100 wenye miaka 60 na zaidi, 27 wanaishi peke yao. Tusijisifu haraka. Nyumba inaweza kujaa watu sita, na mzee akawa peke yake ndani yake.

HAKI YA KILA UMRI

1. Kijana ambaye hajaoa. Si aibu kukaa kwa baba. Aibu ni kula bukari kila siku bila kuuliza unga umetoka wapi. Ukipata kidogo, leta kidogo. Ukikosa, chota maji, tengeneza paa. Tena piga hodi: Suratun-Nur aya 58 na 59 zinafundisha watoto kuomba ruhusa kwa nyakati tatu, na wakishabaleghe waombe wakati wote.

2. Mwenye kuoa. Mke ana haki ya makao yake. Wake wa Mtume kila mmoja alikuwa na chumba chake. Kama huwezi kupanga nyumba, mpe hata chumba kimoja katika lupango la baba yako, chenye mlango na ufunguo wake, wala dada zako wasiingie bila hodi.

3. Mwenye miaka 40 na 50. Huyu amebeba watoto mbele na wazazi mgongoni. Hapa nasema juu yangu mwenyewe, maana kinyozi hajinyoi. Miaka minne nilikuwa nikihubiri haki ya wazazi, na mama yangu alikuwa peke yake katika nyumba ya mbali. Kila mwezi nilituma pesa, nikahesabu kwamba nimemaliza. Siku moja nilimkuta anakula sahani moja na paka. Akaniambia, “Pesa inafika, mwanangu, ila haiongei.” Suratul-Israa aya 23 inataja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwako. Nilikuwa nimeisoma tangu chuoni, sikuisikia mpaka siku ile. Sasa yuko kwangu.

4. Mjane. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunarudi kaburini, na kabla ya arobaini ndugu za marehemu wamekwisha kutia kufuli. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na anaikaa katika nyumba ya mumewe. Katika mirathi ana thumuni kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Mama wa marehemu naye ana sudusi kama kuna watoto. Suratun-Nisaa aya 19 inakataza kumrithi mwanamke kwa nguvu kama vile ni kiti. Hata Kodi ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe. Mwenye kutia kufuli hana pa kujificha, si kwa Mungu wala kwa serikali.

TUFANYE NINI?

Juma hili, kila mmoja ahesabu ndugu zake wanaolala peke yao, aende kwa mmoja na kula naye. Wenye ndugu waliofiwa wasigawe kitu mpaka waje msikitini tuhesabu mafungu pamoja. Na wewe kijana, kesho asubuhi mwulize mama: nikusaidie nini?

Ewe Mola, zifanye nyumba zetu ziwe na nafasi kwa wadogo na wazee, warehemu wazazi wetu, na utulinde tusile haki ya mjane na yatima. Amin.

Wassalaam alaykum.