Ndege ya Mfano: Pima Mkondo Kabla ya Kuongeza Betri

Watumiaji wengi wanaojiundia ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio hufikia hatua ya kutaka ziende kasi zaidi. Njia inayoonekana rahisi ni kuondoa betri ya seli tatu na kuweka ya seli nne. Katika somo hili tunaeleza kwa nini badiliko hilo laweza kuifanya ndege ikose uongozi ikiwa angani, na namna ya kuepuka hatari hiyo.

Nini hubadilika?

Seli moja ya betri ya lithiamu-polima huhesabiwa kuwa na volti 3.7. Hivyo seli tatu hutoa volti 11.1, na seli nne volti 14.8. Ongezeko la volti ni theluthi moja tu. Hata hivyo, mota na propela vikibaki vilevile, mkondo wa umeme hupanda zaidi ya hapo: mota iliyokuwa ikivuta ampea 30 yaweza kuvuta ampea 50 hivi.

Hatari iko wapi?

Mkondo huo wote hupitia kidhibiti mwendo, yaani kifaa kilichopo kati ya betri na mota. Kidhibiti cha ampea 40 kikizidiwa hupata joto na chaweza kuungua. Katika ndege nyingi ndogo, kifaa hichohicho ndicho kinachokipa umeme kipokezi cha redio pamoja na mota ndogo za usukani. Kikiungua, propela husimama, na rimoti iliyo mkononi mwako haina amri tena juu ya ndege.

Zingatia yafuatayo:

1. Soma maandishi ya kidhibiti. Ikiwa hakiruhusu seli nne, usiendelee.
2. Funga propela yenye kipenyo kidogo kuliko ya awali.
3. Ishikize ndege imara ardhini, simama nyuma ya propela, kisha pima mkondo kwa sekunde chache mota ikiwa katika nguvu kamili. Kipimo kiwe chini ya kiwango cha kidhibiti kwa asilimia 20 au zaidi.
4. Betri mpya ni nzito zaidi. Isogeze hadi ndege isimame sawa katika alama ya mizani iliyo kwenye mchoro wake.
5. Tumia chaja ya betri za aina hiyo, na usiiache bila mwangalizi. Betri iliyovimba isitumike.

Haki yako

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akuoneshe kwa maandishi viwango vya mota, kidhibiti na betri, kisha udai risiti. Kifaa kisicho na viwango hakikufai, hata kikiwa cha bei nafuu, kwa kuwa hutakuwa na cha kulinganishia kipimo chako. Aidha, tunakushauri uulize mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu masharti ya kurusha ndege katika eneo lako.