Mwanangu hasemi, lakini maji anaomba

Mwanangu ana usonji na hasemi. Akiwa na kiu anabandua kadi ya picha ukutani, ananitafuta nilipo na kuniwekea kiganjani. Namwandikia mzazi ambaye mtoto wake bado anadai kila kitu kwa kulia, kujipiga au kuvuta watu mikono.

Kwanza kampimishe masikio, maana mtoto asiyeitika akiitwa huenda hasikii vizuri. Mwone pia daktari wa watoto akupe rufaa. Sisi hapa Dar tulielekezwa Muhimbili. Ila usisubiri majibu ndipo uanze.

Njia yenyewe ya kuomba kwa kadi za picha ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na nyumbani inawezekana kwa vitu vya kawaida. Chagua kitu kimoja anachokipenda sana. Kwa wangu ni krispi za muhogo. Kipige picha kwa simu, kachapishe kwa rangi stesheneri, waiwekee plastiki juu isichanike. Kwa maji nilipiga picha kikombe chake cha bluu, kilekile anachonywea, kwa sababu mchoro wa kikombe chochote haukumwambia kitu.

Mnahitajika watu wazima wawili. Mimi nilikaa mbele yake na krispi, shangazi yake akakaa nyuma. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata krispi, wa nyuma anamwongoza mkono uokote kadi na kuniwekea kiganjani. Papo hapo nasema "Krispi!" na kumpa kipande kidogo. Usimwulize "unataka nini?" wala usimwambie "sema kwanza". Wa nyuma hatamki neno. Kazi yake ni mkono tu, na kila siku anapunguza msaada mpaka mtoto afanye mwenyewe. Acheni kabla hajachoka.

Akishazoea, sogea mbali kidogo ili akufuate. Hapa ndipo penye uzito wote: anajifunza kwamba akitaka kitu, kuna mtu wa kumwendea. Kadi ya pili ije baadaye, achague kati ya mbili. Zibandikwe chini, usawa wa macho yake, zisifungiwe kabatini. Na akileta kadi ya kitu kilichokwisha? Muonyeshe pakiti tupu, kisha mpe kadi nyingine mbili achague. Atalia siku za mwanzo. Vumilia.

Baada ya kadi za chakula, ongeza za choo, "naumwa" na "imetosha". Hiyo ya "imetosha" naithamini kuliko zote. Tulikuwa harusini, spika zimefunguliwa hadi mwisho, nikahisi kadi inasukumwa mkononi mwangu kwa nguvu. Nilimtoa nje saa ileile, tukakaa kwenye ngazi mpaka akatulia. Zamani angejitupa chini na watu wangesema hana adabu. Akikupa kadi hiyo, mtii, hata kama chakula hakijaletwa.

Mama mkwe alihofu: "Mkimzoesha makaratasi hayo, mwanetu hatasema kabisa." Nilimjibu, "Mama, tunampa picha pamoja na neno lake." Tafiti zilizofanywa hazijaonyesha kwamba picha humzuia mtoto kusema. Wapo wanaoanza kusema wakizitumia, wapo wasioanza, na wote wana haki ya kuomba maji. Siku hizi bibi huyo ndiye anayekumbusha kadi tukitoka.

Utaletewa maneno mengine pia. Usonji hauletwi na chanjo, laana wala malezi ya mama, na hakuna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia dawa ya klorini ya kupaushia umnyweshe mtoto kama tiba anakuuzia sumu.

Kama mtoto wako ni mkubwa, hujachelewa. Leo jioni piga picha ya kile anachokililia zaidi, kesho kaichapishe, na umwombe mtu mmoja wa nyumbani akae nyuma yake.