Mada ya Marudio: Kupanga Safari za Reli kwa Uigaji wa Kompyuta

Maana
Uigaji ni kuunda mfano wa jambo halisi ndani ya kompyuta ili kujaribu mabadiliko kabla ya kuyafanya. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Mfano halisi
Shirika la Reli la Uswisi (SBB) hutumia MATSim, programu huria iliyoendelezwa na watafiti wa vyuo vikuu vya ETH Zürich na TU Berlin.

Hatua zake
1. Huundwa watu wa kubuni wanaolingana kitakwimu na wakazi halisi. Kila mmoja ana mpango wa siku.
2. Kompyuta huendesha siku nzima, wote wakitumia barabara na treni zilezile.
3. Kila mpango hupewa alama. Kuchelewa hupunguza alama.
4. Baadhi ya watu hubadili saa, njia au chombo, kisha siku hurudiwa mara nyingi.
5. Matokeo hulinganishwa na idadi ya abiria halisi.

Tuilete Singida
Chukulia mama wa Manyoni anatakiwa hospitali Dodoma saa 3:00 asubuhi. Treni inaondoka saa 2:00 na kufika saa 4:00. Mpango wake unapata alama ndogo. Siku inaporudiwa, anapanda basi. Wakifanya hivyo wengi, mpangaji anaona kuwa tatizo ni saa, si nauli. Anajaribu treni ya saa 12:00 asubuhi, bila kusumbua abiria hata mmoja.

Upungufu
Takwimu zikiwa na kasoro, majibu nayo yatakuwa na kasoro. Wauza alizeti wanaosafiri siku ya mnada wasipohesabiwa, mabehewa hayatawatosha. Msimbo ulio wazi humwezesha mtaalamu mwingine kukagua kanuni zilizotumika, lakini hauzibi pengo la takwimu.

Epuka makosa haya
Usiandike kwamba kompyuta ndiyo inayoamua. Inaonyesha matokeo, binadamu anaamua. Pia, usiseme "huria" maana yake ni "bure" tu. Jambo la msingi ni uhuru wa kusoma na kurekebisha msimbo.

Jipime
Eleza faida mbili na upungufu mmoja wa uigaji katika kupanga safari za reli.

*Dondoo za jibu:* hujaribu ratiba bila gharama ya kuhamisha treni. Huonyesha sababu ya abiria kuacha treni. Hutegemea ubora wa takwimu. Kila hoja itolee mfano wa eneo unaloishi.