Jinsi ya Kupanga Spika Nyumbani

Wengi wetu tukipata fedha kidogo hununua amplifaya na spika mbili, kisha twazungusha kila kifungo mpaka mwisho, tukidhani huko ndiko kwenye utamu. Mimi nami nalifanya hivyo, nikapata aibu mbele ya bibi yangu. Nataka kuwaeleza aibu hiyo na jinsi nilivyoiondoa, maana dawa yake haikunigharimu hata faranga moja.

Kwetu ni Bugarama, upande wa Rumonge. Marehemu babu alikuwa mpiga inanga. Ninyi mlio mbali mfahamu kwamba inanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia, ukatiwa nyuzi juu yake. Babu hakupaza sauti alipoipiga, alinong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya koo, ni pumzi tupu. Nyuzi ndizo ziupazo wimbo, hata msikilizaji huona kama ubao wenyewe unasema. Babu alituachia kaseti moja tu. Mwaka 2019 niliipeleka Bujumbura ikanakiliwa katika simu, nikarudi nyumbani na spika mpya, nikamwita bibi asikilize.

Nilipowasha, nyuzi zilinguruma kama mvua juu ya mabati na madirisha yakatetemeka. Vijana wa jirani wakasifu sana. Bibi akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Mjukuu wangu, babu yako yuko wapi hapo?" Maneno yote yalikuwa yamemezwa.

Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, sauti nene ikizidi hufunika sauti nyembamba, na mnong'ono ni mwembamba na dhaifu. Pili, sikio letu halisikii sauti zote sawasawa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba redio ikiwa chini, sikio hupoteza sauti nene kuliko nyingine. Ndiyo maana twaongeza besi usiku. Lakini tukipandisha redio mchana bila kurudisha kifungo, besi huwa nyingi kupita kiasi. Tatu, nilikuwa nimezisukuma spika pembeni mwa chumba, na kuta mbili zikikutana huongeza besi zaidi.

Basi, fanyeni hivi kwa utaratibu.

La kwanza, rudisheni vifungo vyote vya besi na vya sauti nyembamba katikati, na katika simu zimeni kila kinachobadili sauti. Tusianze kupika na chumvi ya jana chunguni.

La pili, zimeni umeme, mkague nyaya. Waya mwekundu uende penye alama ya kujumlisha katika spika zote mbili, na mweusi penye alama ya kutoa. Spika moja ikigeuzwa, hii husukuma hewa huku ile ikivuta, na besi hufifia. Kisha pigeni hotuba ya mtu mmoja na kukaa katikati. Sauti ikitoka kati ya spika mbili kana kwamba mtu amesimama pale, nyaya ni sawa. Ikitawanyika isijulikane itokako, rudini kuzikagua.

La tatu, ziondoeni spika pembeni, ziwe mbali na ukuta kama nusu mita, na kimo chake kilingane na masikio ya aliyeketi. Chukueni kamba: umbali wa spika hadi spika uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kiti. Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde, na spika iliyo karibu zaidi hutangulia na kulivuta sikio upande wake. Katika gari dereva huwa karibu na mlango mmoja; kwake, punguzeni kidogo spika ya upande huo.

La nne, pigeni kofi moja chumbani. Likirudi kwa mlio mkali, saruji na mabati vinarudisha sauti mno. Tandikeni mkeka, tundikeni kitenge ukutani, kisha mpige tena.

La tano, ongezeni besi polepole huku mkisikiliza sauti ya mtu mnayemjua. Ikianza kuwa nzito kuliko mwenyewe, rudisheni nyuma kidogo. Halafu jaribuni ngoma zetu za Burundi, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Kila pigo lianze na kwisha peke yake. Yakiungana kuwa mngurumo mmoja, besi bado ni nyingi.

Wala msikimbilie kununua amplifaya kubwa zaidi. Nguvu zikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, nayo ni tofauti ndogo. Tena Shirika la Afya Duniani lashauri tusizidi saa 40 kwa juma katika desibeli 80. Katika desibeli 90 ni saa 4 tu. Sikio likiharibika kwa kelele halina fundi.

Nilipomaliza kazi hiyo nalimwita bibi mara ya pili. Niliweka sauti ya wastani tu, na vijana wa jirani hawakuja. Bibi aliinama, midomo yake ikaanza kufuata maneno. Mara akacheka, akasema, "Hapo ananitania mimi, kwa kuwa nilichelewa kurudi kisimani." Sisi wajukuu hatukuwahi kujua kwamba wimbo ule ulimhusu yeye.

Enyi wanafunzi wa zamani, huenda nanyi mna kaseti ya wazee katika sanduku. Utepe huharibika kwa joto na unyevu, basi uwahini kuunakili. Na siku ya kuusikiliza, kaeni na mtu aliyemjua msemaji, mumwulize kama huyo ndiye. Jibu lake ndilo kipimo kizuri kuliko vifungo vyote.