UJIJI: JIWE LINASEMA NINI, NA LINANYAMAZA JUU YA NINI?

Katika ukurasa huu tunataka kujifunza namna ya kutembelea muji wa zamani. Kutembelea si kufika, kupigwa picha na kurudi. Tunachukua mfano wa Ujiji, sababu si mbali. Fungueni karti: kutoka Kalemie mpaka Kigoma, kwa kukata ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, ni karibu kilometa 130, na Ujiji iko kilometa chache tu kusini ya Kigoma.

Wageni wengi wanaenda kule kwa ajili ya jiwe moja. Linaonyesha pahali ambapo Stanley alimukuta Livingstone chini ya muembe. Tarehe inayojulikana ni 10 Novemba 1871, lakini wataalamu wengine wanaona ilikuwa siku za mwisho za Oktoba. Muembe wenyewe ulikufa zamani, na ile inayoonyeshwa wageni ni watoto wake. Mu nyumba ya makumbusho kuna sanamu za wazungu hao wawili.

Sasa tuulize: Livingstone alikuwa anatoka wapi? Hapo ndipo jiwe linanyamaza. Alikuwa anatoka mu inchi yetu, Nyangwe, soko kubwa kando ya Lualaba mu Maniema. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walianza kupiga bunduki kati ya watu waliokuja kuuza na kununua. Wengi wao walikuwa wanawake. Walikimbilia mitumbwi, wengine wakajitupa mutoni, wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemuishia, basi aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya pori. Kisha akageuza njia, akatembea mugonjwa mpaka Ujiji. Bila Nyangwe, Stanley angemukuta wapi? Wanawake wale wako ndani ya habari ya jiwe, hata kama jiwe halisemi neno juu yao.

Tena hawakuwa peke yao. Kutoka Maniema watu walivushwa ziwa kama watumwa, wengine kama wapagazi na watu wa bunduki. Kutoka Ujiji njia ilipita Tabora mpaka Bagamoyo, kilometa 1.200 hivi kwa miguu. Lakini si wote walioenda mpaka pwani. Wengi walibaki Ujiji, wakajenga, wakazaa, na hata leo kule kuna jamaa nyingi zinazojiita Wamanyema. Na ni kwa njia ile ile Kiswahili kilikuja kwetu, hiki tunachoandika hapa.

Mugeni anashangaa pia kuona ziwa liko mbali na jiwe, kumbe vitabu vinasema Ujiji ilikuwa bandari. Jibu liko Kalemie! Muto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kwenda Lualaba, ulikuwa umefungwa na mchanga na majani. Cameron aliuona mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Karibu na 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita karibu 10. Pwani ya Ujiji ikasogea.

Juu ya kulala: wageni wengi wanalala Kigoma, mu nyumba ndogo za wageni, sababu bandari iko kule, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914. Mukienda, musikose karatasi za kuvuka mpaka, na mupatane bei ya chumba mbele ya kuweka mizigo chini. Kigoma ndiko Wajerumani waliunganisha meli Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiichukue. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ilisafiri kwa jina la Liemba.

Kazi ya likizo: kila mumoja atafute mu kijiji chake pahali pa zamani penye jiwe, msalaba, ao safu ya miembe. Aandike kwanza maneno yanayosomeka pale. Kisha aulize wazee wawili: nani mwingine alikuwapo siku ile? Mulete majibu mu daftari la historia juma la kwanza la masomo.